Vidole vya Karani

Treni ilikuwa imeshaanza kutembea simu ilipolia.

Kozi aliiacha ilie kidogo, ndipo akaipokea. Ilikuwa Nokia ya vitufe, imechubuka pembe zote, na ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa na namba yake.

"Umepata kiti?"

"Nimepata, Shangazi."

"Mahindi yamekomaa. Funga ghala, urudi nyumbani."

Ikakatika.

Hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa mkuu wake wa kazi, na idara nzima ya usalama ilimwita hivyo, nusu kwa heshima, nusu kwa woga. Mahindi yamekomaa maana yake kazi imekwisha. Funga ghala maana yake futa kila kitu, usiache hata unyoya.

Nyumbani hakukuwa na maana yoyote. Lilikuwa neno tu la kumalizia simu.

Mbele yake alikaa bibi mmoja mwenye kikapu magotini. Alikuwa amemsikiliza mwanzo hadi mwisho, bila kuficha.

"Shangazi yako anakupenda," alisema. "Anakuita urudi."

"Ndiyo, mama."

"Na huko uendako unapokelewa na nani?"

"Hakuna mtu."

"Hata mke?"

"Alihama."

"Akahamia wapi?"

"Hakusema."

"Basi na wewe hukuuliza," alisema bibi, bila ubaya wowote, akageukia dirisha.

Kozi lilikuwa jina la kazini. Kozi ni ndege wa mawindo, anaona panzi akiwa mawinguni. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limekaa bila kutumika kwa muda mrefu, kiasi kwamba mtu akimwita nalo barabarani angegeuka naye atazame ni nani anayeitwa.

Aliweka laptopu yake mapajani, ThinkPad nyeusi iliyochakaa, akaiunganisha na intaneti kwa simu ya pili. Kufuta kungechukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa.

Lakini kwanza sharti ijulikane alikuwa anafuta nini.

*

Mjini, nyuma ya kituo cha treni, kulikuwa na bandari kavu. Makontena yalishushwa pale, yakapangwa kama matofali, yakasubiri kuruhusiwa. Aliyeruhusu alikuwa karani mmoja wa kike, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama uwanja. Lori likisimama getini, karani aliandika namba ya kontena kwenye kompyuta, akaweka neno lake la siri, akabonyeza kwa mausi mahali palipoandikwa RUHUSU. Kizuizi kikanyanyuka chenyewe.

Makontena mawili yalikuwa yametoka kwa neno lake la siri bila kukaguliwa. Moja lilikutwa baadaye porini, tupu, likinuka mafuta ya bunduki. Karani aliapa hakuyaruhusu yeye. Nani angemwamini? Neno la siri lilikuwa lake, kiti chake, kompyuta yake.

Sasa lilikuwapo la tatu. Karatasi zilisema vigae vya sakafu. Watu wa Shangazi walisema chini ya vigae mna makombora ya begani, yale ambayo mtu mmoja anaweza kuyabeba hadi kando ya uwanja wa ndege na kuangusha ndege yenye abiria mia mbili.

Kozi aliingia pale kama fundi wa kiyoyozi. Ovaroli ya bluu, ngazi, mkoba wa spana. Karani alimshikia ngazi.

"Usianguke, fundi. Hapa hata bima hatuna."

Aliposhuka, alijifanya anafuta vumbi mezani, akachomeka flashi nyuma ya kompyuta, akaichomoa. Ikawa imekwisha.

Programu aliyoiacha humo haikuwa kubwa. Ilikuwa na masikio mawili na mikono miwili. Sikio la kwanza lilisikiliza kibodi: kila kitufe kilichobonyezwa, na saa yake. Sikio la pili lilifuata mausi: mshale umetoka wapi, umekwenda wapi. Mikono ilikuwa ya dharura. Kozi akitaka, angeweza kubonyeza kitufe au kusukuma mshale kama vile amekaa pale. Mikono hiyo hakuwahi kuigusa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Akasikiliza.

Alipanga chumba cha juu mtaa wa tatu kutoka pale. Kitanda, birika la umeme, pazia lisilofika chini. Asubuhi Karani alipowasha kompyuta, na yeye alikuwa ameshakaa.

Sasa, ukimsikiliza mtu vidole kutwa nzima, wiki baada ya wiki, utamjua kuliko majirani zake wanavyomjua. Karani aliandika namba za kontena mbili-mbili, anapumzika, mbili-mbili, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Alikosea sana. Kitufe cha kufutia kilikuwa ndugu yake. Akiwa na mawazo alizungusha mausi duara, duara, bila kubonyeza kitu.

Alikuwa na kaka ng'ambo. Alimwandikia kila wiki.

"Kaka, mama anakuulizia kila siku na mimi nimechoka kumdanganya."

Akafuta.

"Kaka, hivi unakumbuka kama una mama?"

Akafuta.

"Kaka, hujambo? Sisi wazima."

Akatuma.

Kaka alipokea ule wa tatu. Miwili ya kwanza ilisomwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amekaa juu ya kitanda na soksi miguuni, chai imepoa.

Karani alipokwenda kula, Kozi alikula. Alipougua na kibodi ikanyamaza siku nzima, Kozi alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakuwa na la kufanya. Huwezi kumpelekea uji mtu asiyejua kama upo.

Halafu jana, mchana, kompyuta ya Karani ilitafuta kontena la vigae. Namba kamili. Kozi aliyasoma yale maandishi, akayapeleka kwa Shangazi kama alivyoajiriwa kufanya, na Shangazi akaamua. Karani ndiye mchawi. Lori liachwe litoke, Hilux mbili za idara zilifuate hadi kwa wanunuzi, kisha Karani akamatwe.

Kozi apande treni.

*

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

Akasita. Akafungua masikio mara moja ya mwisho, kama mtu anayechungulia chumba anachohama.

Mausi ilikuwa inatembea.

Kulia. Kushoto. Kulia. Kushoto.

Upana uleule kila mara. Kozi aliutazama mshale na nywele za shingoni zikamsimama. Mkono wa mtu hauendi hivyo. Mkono wa mtu unapinda, unazidisha, unarudi. Huu ulikuwa mkono wa programu, kazi yake kuitikisa kompyuta isijifunge wakati mwenyewe hayupo.

Mwenyewe hayupo.

Kisha kibodi ikaanza.

"Mimi ndiye niliyeruhusu makontena. Nimechoka na siri hii. Naondoka, msinitafute."

Hakuna kosa hata moja. Hakuna kufuta. Pengo kati ya herufi na herufi lilikuwa lilelile, ta ta ta ta, kama cherehani.

Nokia ikalia.

"Unaona ninachokiona?" alisema Shangazi. Naye alikuwa na skrini yake ofisini, inapokea yaleyale. "Amekiri mwenyewe. Nilikuambia."

"Huyo si yeye."

"Kozi."

"Huyo si yeye, Shangazi. Karani hawezi kuandika mstari mzima bila kufuta. Hii ni programu inayobonyeza. Kama yangu, ila ya mtu mwingine."

"Na ya jana?"

Kozi alikuwa ameshaifungua kumbukumbu ya jana. Namba ya kontena, tarakimu zote, ta ta ta ta. Hakuna mbili-mbili. Hakuna kupumzika.

Jana alisoma maneno, hakusoma mapengo. Mapengo yalikuwa pale, yamekaa kimya, yakimngoja ayatazame.

"Ya jana pia," alisema. "Nilikosea."

Shangazi akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa:

"Umekaa mwenyewe kwenye kile chumba muda mrefu mno. Inatokea. Unamzoea mtu, unamfanya ndugu."

Ndipo skrini ikafanya kitu kingine.

Programu ilikuwa inamalizia. "Mama anisa", iliandika, na katikati ya neno zikamwagika tarakimu, ghafla, zote kwa pamoja: 60044177. Tena: 60044177. Kisha "mehe".

Kimya kidogo.

60044177. 60044177.

Kimya.

60044177. 60044177.

Mbili. Pumziko. Mbili.

Kozi alijua ni nini kabla hajajua amejuaje. Skana. Karani alikuwa na skana ya mkononi isiyo na waya, umbo la bastola, ya kusomea ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye makasha. Kwa kompyuta, skana ni kibodi tu nyingine: inasoma mistari, inaandika tarakimu. Na tarakimu hizi alikuwa ameziona wiki iliyopita, Karani alipolisoma kwa skana kasha la mfano.

Kasha la vigae.

"Yumo ndani ya kontena," alisema Kozi.

"Nani?"

"Karani. Wamemfungia humo pamoja na mzigo. Ana skana mkononi, anasoma kasha lilelile, anajua namba zitatokea kwenye skrini yake. Anangoja mtu apite mezani azione."

"Saa hizi watu wako kwenye chakula," alisema Shangazi.

"Ndiyo."

Karani alikuwa anapiga hodi kwenye chumba kisicho na mtu. Aliyesikia alikuwa kwenye treni, na treni ilikuwa inakwenda upande mwingine.

"Watamtoa nje kama bidhaa," alisema Kozi. "Watamtupa. Na kila mtu atasema alitoroka, si ameandika mwenyewe? Zuia lori, Shangazi."

"Nikilizuia, wanunuzi watapotea."

"Lisipozuiwa, atakufa."

"Una ushahidi gani?"

"Nina vidole vyake."

"Hicho si kitu cha kupeleka mezani kwa mkubwa. Ukishuka kwenye treni hiyo, Kozi, uko peke yako."

"Nimekuwa peke yangu tangu uliponiajiri."

Akakata yeye. Haijawahi kutokea.

Treni ilipunguza mwendo mahali barabara inapokatiza reli. Kozi alisimama, laptopu kwapani.

"Mwanangu, kituo bado," alisema bibi.

"Nimesahau kitu, mama."

"Basi kitakuwa cha maana. Ruka ukitazama mbele."

Akaruka akitazama mbele.

*

Kwenye kivuko palikuwa na mwanamume mnene anaosha pikipiki. Honda nyekundu, kiti kimeshonwa upya.

"Bandari kavu. Sasa hivi."

"Naosha."

Kozi alimwonyesha kitambulisho cha idara, kisha bastola, Glock, ilivyolala kiunoni.

"Imetakata," alisema mwenye pikipiki. "Panda."

Wakaondoka. Kozi alifungua laptopu katikati ya kifua chake na mgongo wa yule mtu.

"Unafanya nini huko nyuma, mzee?"

"Kazi."

"Mimi nikiendesha, abiria huwa wanasali. Wewe unafungua ofisi."

60044177. 60044177.

Bado yupo.

Kisha cherehani ikaanza tena. Programu ya yule mtu ilifungua ukurasa wa geti. Lori limefika. Namba ya kontena, ta ta ta ta. Neno la siri, ta ta ta ta.

Kozi aliingiza mikono yake kwa mara ya kwanza. Akafuta tarakimu. Programu ikaziandika upya. Akafuta. Ikaandika. Ilikuwa na kasi kuliko yeye, na haikuwa juu ya pikipiki.

Mshale ukaanza kuteleza kwenda kwenye RUHUSU.

Sasa kuna jambo ambalo wanaoandika programu za namna hii wote wanalijua. Mtu anapojifunza kuendesha mausi kwa programu, siku za kwanza inamchachamalia. Inamnyang'anya mausi, hata pa kuizimia hapafikii. Kwa hiyo vifaa vya kazi hiyo huja na mlango wa dharura: sukuma mshale mpaka pembe ya skrini, juu kushoto, na programu inajiua papo hapo. Ukishahitimu unatakiwa uuzibe mlango huo kabla hujaipeleka programu kwenye uovu wako. Wengi husahau. Mwizi hukagua kufuli za wenzake, si za kwake.

Kozi hakufuta tena. Aliukamata mshale.

Akauvuta juu.

Programu ikauvuta chini.

"Shimo," alisema mwenye pikipiki.

Waliruka, wakatua. Laptopu iligonga kidevu cha Kozi, damu ikamjaa mdomoni. Akauvuta tena, juu, kushoto, akaugonga pembeni kama anayefukuza mbuzi zizini.

Cherehani ikakatika.

RUHUSU ilibaki pale haijabonyezwa.

"Umeshinda?" aliuliza mwenye pikipiki.

"Bado."

*

Mwenye programu ile walimwita Dokta. Alikuwa fundi wa kompyuta wa pale, mwenye fulana safi na kalamu tatu mfukoni, na kila akiingia chumba chochote alisema, "Haya, mgonjwa yuko wapi?" Watu wakacheka, wakampisha kiti. Mchana huo alikuwa amesimama getini na mlinzi, akipiga soga, ili mlinzi aje aseme nilikuwa naye. Programu aliiamrisha kwa simu, mkono mfukoni.

Aliiamrisha mara ya pili. Haikuitika.

Lorini, kando ya dereva, alikaa mwenye mzigo. Alikuwa mgeni, mwenye miwani ya jua na kiswahili cha kuokota. Alitoa mkono dirishani, akapiga bati la mlango, mara moja.

Dokta akamuaga mlinzi, akaelekea chumba cha Karani. Hakukimbia. Alitamani.

Kozi aliona alivyofika. Mshale ulitikisika, ukaja kwa kupinda, ukapita, ukarudi. Sasa alikuwa mtu, na mkono huo Kozi aliwahi kuufuata, siku Dokta alipokuja kutengeneza kompyuta ile.

Dokta aliandika namba. Kozi akaifuta. Dokta akaandika tena. Kozi akaifuta. Kisha Kozi akafungua ukurasa mweupe katikati ya skrini, akaandika kwa dole gumba huku pikipiki inapita kati ya malori mawili:

Shikamoo Dokta.

Dokta akajibu:

nani wewe

Fungua kontena.

kontena gani

Lenye mgonjwa.

Skrini ya Kozi ikawa tupu. Mawasiliano yamekatika.

Dokta alikuwa amechomoa waya wa mtandao.

Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya ngazi, Kozi hakuwa na sikio mle chumbani. Hakuna kibodi, hakuna mausi, hakuna skana. Upepo tu, na mwenye pikipiki akiimba kitu kisicho na maneno. Hakujua kama Karani bado anabonyeza. Alijikuta anapiga paja lake kwa kidole. Mbili. Pumziko. Mbili.

Lakini waya ule ulikuwa na vichwa viwili. Bila mtandao, Kozi hawezi kuingia. Bila mtandao, geti nalo halisikii amri. Dokta alikaa mbele ya kizuizi kilichofungwa na RUHUSU isiyofika popote, na nje mwenye mzigo akapiga bati la mlango, safari hii mara tatu.

Akaurudisha waya.

60044177.

Moja tu. Kozi akangoja ya pili.

60044177.

Ilikuja kwa kuchelewa, kama mtu anayejibu akiwa amelala. Kontena lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi.

"Ongeza," alisema Kozi.

"Ninaongeza tangu kule, mzee. Kilichobaki ni kuruka."

Kozi aliandika neno moja la mwisho kwenye skrini ya Karani.

Nimefika.

*

Dokta alitoka mbio kwenye chumba, kalamu zinadondoka.

"Vunja," alimpigia mgeni kelele. "Pita tu, vunja."

Mgeni alimwambia dereva kitu. Injini ya Scania ikanguruma.

Honda iliingia kwa mlango wa waendao kwa miguu. Kozi aliruka kabla haijasimama, akamwachia mwenye pikipiki laptopu mikononi, akachomoa kisu. Kisu, si bastola. Risasi haisimamishi lori.

Kati ya kichwa cha lori na tela huwa kuna mipira ya upepo. Mwekundu ndio unaoshikilia breki zisijifunge. Ukikatwa, tela linaganda palepale, hata ukilivuta kwa matrekta.

Alijipenyeza katikati. Lori likaanza kusogea.

Kamata. Kata.

Upepo ukatoka kwa mluzi mkali. Lori likapiga kwikwi, likasimama, pua yake inagusa kizuizi.

Mgeni alishuka na bastola ya Makarov mkononi, akizunguka mbele kumtafuta aliyefanya hivyo. Kozi alitokea nyuma yake.

"Weka chini."

Mgeni aligeuka akifyatua. Risasi ikatoboa taa ya geti. Kozi alifyatua mara moja, begani. Makarov ikaanguka, mgeni akaketi kando yake na kuitazama kama kitu alichokopa.

Dokta alikuwa amesimama katikati ya uwanja, hajui upande wa kukimbilia. Mwenye pikipiki alimsogelea, laptopu kwapani.

"Kaa chini, Dokta," alisema. "Umechoka."

Akakaa.

Kozi alivunja sili ya kontena kwa kitako cha bastola, akavuta komeo. Joto likampiga usoni kama la tanuri.

Karani alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye makasha, viatu amevivua. Mdomo umekauka. Skana ilikuwa bado mkononi, na mwanga wake mwekundu ulikuwa juu ya kasha la kwanza. Ukuta wa pembeni ulikuwa na tundu la kutu, la kupitisha ngumi, linatazama dirisha la ofisi. Alikuwa amekaa kando yake, ili mawimbi ya skana yapenye.

Alimtazama Kozi.

"Fundi wa kiyoyozi," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Kiyoyozi chako kinavuja."

"Pole."

Alimtoa nje kwa kumshika kiwiko, akamkalisha kivulini, akampa maji ya mlinzi. Karani alikunywa, akakohoa, akanywa tena.

"Dokta aliniita nije nihakiki kasha," alisema. "Nikasikia komeo." Akafuta mdomo. "Nani alikuambia nimo humo?"

Sheria ya idara ilikuwa fupi. Anayesikilizwa asijue alisikilizwa.

"Nilisikia kelele," alisema Kozi.

"Sikupiga kelele. Niliogopa wasije wakanimaliza."

Kozi alitazama viatu vyake. Alijua habari za kaka yake. Alijua sentensi alizozifuta. Alijua anavyozunguka duara akiwa na mawazo. Hakukuwa na hata moja ambayo angeweza kuisema.

"Basi kuna mtu ana masikio," alisema Karani taratibu.

"Kunywa polepole, dada."

Hilux mbili ziliingia na vumbi lake. Nokia ikalia.

"Nimewatuma," alisema Shangazi.

"Nimewaona."

"Wanunuzi wamepotea."

"Najua."

"Makombora?"

"Yapo. Chini ya vigae."

"Na yule binti?"

"Anakunywa maji."

Shangazi alipumua. "Funga ghala, Kozi. Safari hii kweli."

Alichukua laptopu kwa mwenye pikipiki, akaiweka juu ya kiti cha Honda, akafuta. Masikio mawili, mikono miwili, wiki zote zile, mapengo yote. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa.

Kisha akarekebisha kola, akapita chini ya kizuizi, akashika njia ya kituo kwa miguu, bila haraka. Nyuma yake mtu alikuwa anauliza yule fundi amekwenda wapi. Hakugeuka.

*

Mgeni alipona bega, akashitakiwa, akafungwa miaka mingi. Nchi yake ilisema haimjui. Dokta alifungwa naye, gereza tofauti. Aliomba kazi kwenye ofisi ya gereza, akanyimwa, akapelekwa bustanini. Dereva wa lori aliachiwa, kwa sababu hakujua alichobeba, au alijua na haikuthibitika. Makombora yaliharibiwa jeshini. Wanunuzi hawakupatikana hadi leo.

Shangazi alistaafu mwaka uliofuata. Anafuga kuku. Hapokei simu.

Mwenye pikipiki alishusha abiria wengi baada ya hapo, na hakuna aliyeiamini hadithi yake.

Karani alisafishwa jina kwa barua ya mistari miwili. Alikaa bandari kavu miezi michache, akaacha, akafungua duka la vifaa vya shule karibu na kwao, anaishi na mama yake. Kaka hakurudi. Anatuma salamu sikukuu hadi sikukuu.

Kozi alipewa onyo kwa kushuka kwenye treni. Kisha akapewa kazi nyingine, mji mwingine, chumba cha juu chenye kitanda na birika. Mtu anayemsikiliza sasa ni mhasibu mzee wa kampuni ya meli, anayeandika kwa kidole kimoja na hafuti kitu. Wanakula kwa wakati mmoja.